Mtini wa Mto Don

Doreen Hattersley huendesha baiskeli ya marehemu mumewe,
tandiko limeshushwa, kengele imegoma.
Kila Jumapili hunitangulia bondeni,
nyuma ya ghala la matairi, chini ya daraja la reli,
hadi njia inapokonda ikawa uchochoro wa matope.

"Hapa," asema, "tulimwaga maji ya moto."
Tanuru liliuchemsha mto usiku na mchana,
na mbegu za tini, zilizopitia matumbo ya watu
na mifereji tusiyoitaja mezani,
zikadhani zimefika kwao.

Zikaota.

Tanuru likazimwa. Mumewe akarudi na kopo lake la chai
na barua ya mistari miwili.
Maji yakapoa; wakarudi samaki, kisha mdiria,
kisha sisi, na helmeti zetu za rangi ya limau.

Mitini haikuletewa barua.
Ingali ukingoni, majani mapana kama glavu za kiwandani,
ikizaa kila mwaka matunda magumu
yasiyowahi kuiva.

Doreen huchuma tini moja, huipima kiganjani,
huitia mfukoni kama ufunguo wa nyumba.
Halafu twaupanda mlima, kimya, pumzi juu juu.
Baiskeli yaruka jiwe:
kengele yalia, mara moja.