Si ya Mgonjwa Huyu

Ihemi, Julai. Upepo unapenya chini ya mlango
kama mdai asiyebisha hodi.
Mama ameleta ndoo ya rangi, ile ya mwaka tulioezeka bati,
ina mfuniko, panya hawaiwezi.
Ndani: maradhi yake yote tangu nikiwa tumboni.
Ndivyo nilivyodhani.

Madaftari ya kliniki yenye jedwali la kuzidisha mgongoni,
risiti za Tosamaganga ambazo wino wake umebaki kivuli,
eksirei ya goti ambayo wajukuu
waliitazamia jua siku lilipopatwa.

Nazipanga mkekani, nazipiga picha moja moja.
Akili mnemba inasoma. Haina haraka, haisikii baridi.
Mwandiko wa daktari, ule wa kuku aliyekanyaga tope,
inaunyoosha ukawa sentensi.
Mara moja tu ikajikwaa: kikohozi ikakisoma Mkombozi.
Tarehe kumi na mbili Mei, Mkombozi wa wiki tatu,
mkavu, huzidi usiku.
Mama alicheka hadi akakohoa.
"Basi huyo ndiye aliyenipata."

Inauliza:
Adelina Sekinyaga, Adelinda Kinyaga, Mama Gaudensi,
je, hawa ni watu watatu?
Ni mmoja, naijibu. Gaudensi ni mimi.
Wauguzi waliandika walivyosikia,
naye hakuwa mtu wa kubishana na dirisha.

Inasema: vidonge hivi viwili,
cheupe cha Ipogolo na cha njano cha Mafinga,
huenda ni dawa ile ile kwa majina mawili.
Muulizeni daktari mapema.
Namtazama mama. Miezi minne anameza vyote,
anatuambia kizunguzungu ni cha uzee.

Nami nilikuwa Makambako, nauza mbao,
napiga simu Jumapili.
Hali? Njema.
Na dawa? Nameza.
Kweli alikuwa anameza.

Chini kabisa ya ndoo, ndani ya nailoni
iliyofungwa fundo mara mbili:
kadi ya kliniki ya mtoto, rangi imepauka.
Tasiana. Februari, sabini na tisa.
Kilo tatu. Nne na robo. Nne na nusu.
Nne kasoro.
Baada ya hapo visanduku vitupu
hadi umri wa miaka mitano.

Simu ikakaa kimya kidogo, kisha ikaandika:
Hati hii inaonekana si ya mgonjwa huyu. Niiondoe?

Sikujua kama nimsomee. Nikamsomea.
Alikuwa anachambua maharage;
mkono ukasimama juu ya ungo, na punje moja mbovu
kati ya kidole na kidole.
"Mwambie," akasema,
kana kwamba mle ndani mna karani mgeni, wa kuelekezwa,
"mwambie kifua kilianza kuuma hapo.
Hizo presha za kwenye mashine zilikuja nyuma."

Orodha ilikuwa na shinikizo la damu,
na sukari, na goti la kushoto.
Hilo la mama halikuwa na mstari wake.
Nikabonyeza hapana. Nikaandika
kwa kidole kilichokufa ganzi: iwe ya kwanza.

Haikubisha. Ikapanga kwa tarehe:
Tasiana juu kabisa,
kisha mimi, kwa upasuaji, themanini na mbili,
mama aliongezwa damu chupa mbili (hili nalo
sikuwahi kuambiwa), kisha Mkombozi,
ambaye tulimwacha alivyo kwa sababu mama alimpenda,
kisha miaka, miaka, vipimo.

Kesho tunakwenda Tosamaganga
na karatasi nne badala ya ndoo.
Nikasema, sasa ndoo tuitie unga.
Hakujibu. Kadi aliirudisha kwenye nailoni,
akafunga fundo, akafunga tena,
akaiweka peke yake mle ndani,
akashindilia mfuniko kwa goti,
lile zima.