Somo la Nane

Umeme ulirudi saa sita na robo usiku.
Feni ya seva ikakohoa vumbi la Nyegezi,
nami nikaandika daftarini, kwa kalamu, kama ulivyotuzoesha:
Jumamosi. Nakala rudufu tatu.
Moja hapa, moja kwenye diski ya mhasibu,
moja mfukoni mwangu.

Nje, wadudu wa ziwa wamepanda kama moshi wa pumba za mpunga,
wameiziba taa ya korido.
Asubuhi Ngollo atawazoa kwa koleo.

Miaka minne tumeahirisha, Mwalimu Leokadia.
Kwanza bajeti.
Kisha mitihani.
Kisha mkuu wa chuo akaniuliza, kwa upole kabisa,
"Lakini mfumo si unafanya kazi?"
Sikumtajia habari ya ufa na ukuta.
Anaijua. Ndiye aliyeagiza methali ile ichorwe bwaloni,
na ufa umeikata katikati.

Halafu mwezi uliopita mtu tusiyemjua
aliingia kwa tundu la toleo la zamani
akawapa wanafunzi thelathini na wawili mia kwa mia,
hata Bugumba, ambaye siku ya mtihani
alikuwa Ukara akimzika babu yake.
Bugumba mwenyewe ndiye aliyekuja kusema.
Wiki ile ile bajeti ikapatikana.

Basi nimekaa, mfumo unajikagua:
kijani, kijani, kijani,
kisha nyekundu moja.
Somo la nane halitafunguka katika toleo jipya.

Somo la nane ni wewe.
Damu baada ya kujifungua, dakika kumi na nne,
ulizorekodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka,
mvua ikipiga bati la wodi.
Kifaa kinachobeba sauti yako ndani ya mfumo
kiliachwa na aliyekitengeneza. Nimemwandikia mara mbili,
hajibu.
Nawe hujibu. Jina lako bado liko kwenye orodha ya walimu:
mara ya mwisho kuonekana,
siku mia saba thelathini na moja zilizopita.

Nusura nizime kila kitu nikalale.
Nani angeniuliza? Ningesema umeme.

Nikavaa visikivu, nikakusikiliza mpaka mwisho.
Dakika ya tatu kuna mtoto, analia kilio chake cha kwanza,
nawe unacheka, unasema, "Karibu, tupo darasani."
Dakika ya tisa unataja kiwango cha dawa.
Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma.
Ni kile cha zamani,
kile ambacho mwongozo mpya umekifuta.

Na ni wewe, nakumbuka, uliyepanda juu ya kiti
ukaung'oa mwongozo uliokuwa ukutani, gundi na rangi vikafuatana,
ukasema: karatasi iliyopitwa na wakati
ni daktari wa pili wodini, na hana masikio.

Nikabonyeza "Endelea".

Asilimia kumi na mbili. Thelathini.
Arobaini na moja ikaganda kwa nusu saa
nikaanza kuomba kwa Kisukuma.
Mbwa wa Malimbe wakabweka, wakachoka.
Sabini.

Saa kumi na moja mfumo ukaamka, mweupe, mgeni,
kama nyumba ya jirani aliyehamisha samani.
Penye somo la nane nimeandika: linaandaliwa upya na Mwalimu Misoji.
Rekodi yako iko kabatini, wanafunzi hawaifikii.
Nimekata sekunde kumi na moja tu, zitatangulia somo jipya:
mvua, mtoto, na wewe ukisema,
"Msikimbie. Anayekimbia husahau mikono."

Akaunti yako sijaifuta. Hilo litangoja mkuu aulize.

Saa kumi na mbili kasoro, bando ya usiku ikielekea kuisha,
akaingia mwanafunzi wa kwanza, kutoka Irugwa,
akaandika bila salamu:
Mbona vitufe vimehama?

Nikatafuta kalamu.
Jumapili, nikaandika. Mmoja ameingia.
Analalamika.