Mashahidi wa Sita

Wete, umeme umekatika.
Mize kainamia daftari kwa taa ya simu:
eksi mraba toa tisa,
chini yake eksi toa tatu,
na eksi inaikaribia tatu.

Kaitia tatu juu: sifuri.
Kaitia chini: sifuri.
Akafyonya. Huo si jibu, ni mlango uliokomewa.

Akafungua mabano.
Waliofanana, juu na chini, wakafutana;
ikabaki eksi jumlisha tatu.
Sita.

Babake, karani wa kadhi miaka ishirini na saba,
akatua kikombe.
"Kwani pale kwenye tatu penyewe pana nini?"
"Hapana kitu, baba. Pana tundu."
"Basi hiyo sita kaiona nani?"

Mize akamwita wa kushoto, mbili nukta tisa tisa:
akasema tano nukta tisa tisa.
Akamwita wa kulia, tatu nukta sifuri moja:
sita nukta sifuri moja.
Hawajuani. Wala hakuna aliyefika.

Mzee Shaame kimya, kama siku za hukumu.
"Andika. Kauli zimekutana.
Ila hilo tundu usilizibe."

Akachora mstari mnyoofu,
akainua kalamu penye tatu,
akaacha kiduara kitupu,
kama karafuu iliyopukutika kichwa.