Kona ya Hamsini na Moja

Mwaka huu usukani ni wangu.
Gorazd kavunjika mkono. Kaanguka ngazi ya stoo
akishusha mapambo ya Krismasi mwezi wa Julai;
usiniulize kwa nini.
Sasa amekaa kulia kwangu, plasta imemlalia kifuani kama paka,
na mguu wake unakanyaga breki isiyokuwepo.

Tulitoka Kranj Jumamosi, kabla ya jogoo wa jirani:
mikate minne, soseji, chupa ya chai,
na ugomvi mmoja wa jana ambao hatukuumaliza,
tukaupakia nyuma, chini ya mablanketi.

Baada ya Kranjska Gora barabara inaanza kupanda,
na kila kona imepewa namba yake kwenye kibao.
Moja. Mbili. Tatu.
Neža, miaka sita, ndiye karani wa safari,
anahesabu kwa sauti ya mwalimu wa zamu.
Tilen kaziba masikio kwa muziki wake,
kama mtu aliyefunga mlango akaondoka na ufunguo.

Kona ya nane, kanisa dogo la mbao.
Tunashuka. Nawaeleza: wafungwa wa Kirusi,
Vita Kuu ya Kwanza, sururu, njaa,
kisha theluji ikaporomoka juu yao.
"Walikuwa na watoto?" anauliza Neža.
"Wengine," anajibu baba yake.
Hatusemi kitu tena mpaka kona ya kumi na moja.

Konani hakuna lami, ni mawe ya kupangwa;
matairi yananguruma, meno yanagongana.
"Gia ya pili," anasema Gorazd.
Niko kwenye ya pili.
"Basi ya kwanza."
Mume wangu, niliijua gia kabla sijakujua wewe.

Kona ya kumi na saba Tilen anatapika.
Ndani ya kofia ya baba yake.
Kofia ya sufu, aliyoifuma mama mkwe kwa mkono wake.

Nasimamisha gari. Upepo, misonobari, baridi ya Agosti.
Na yule kijana wa miaka kumi na minne, aliyenipita kimo,
ananiegemea begani mzima mzima, na jasho lake.
Miezi mingapi sijaguswa na mwanangu?
Siulizi. Nasimama imara kama nguzo ya umeme,
asije akakumbuka kujitoa.

Juu kabisa, baada ya ishirini na nne,
kondoo wamelala katikati ya barabara wakiota joto la lami.
Pikipiki za Wajerumani zinasubiri.
Mholanzi, nyumba yake kaikokota nyuma kama konokono, anasubiri.
Na milima? Kweli, sijaitaja milima.
Ipo. Myeupe kwa chokaa, si kwa theluji,
imekaa kimya kama mashahidi ambao hakimu hajawaita.
Neža anauona uso wa msichana kwenye ukuta wa mwamba.
Mimi siuoni.
"Usikaze macho, mama."

Upande wa pili tunateremka hadi mto Soča.
Rangi yake nimeitafutia jina, nimeshindwa:
si kijani, si buluu,
labda ni rangi ya baridi yenyewe.
Watoto wanashindana nani ataacha miguu majini muda mrefu.
Mimi nachutama naifua kofia ya mama mkwe,
vidole vimekufa ganzi.
Gorazd anakuja kuchutama kando yangu, plasta kaiinua juu
kama mwanafunzi anayejua jibu.
"Chumba cha cherehani," nasema, bila kumtazama.
"Kitamtosha mama yako. Dirisha lake linapata jua."
Hajibu. Anashika upande mmoja wa kofia kwa mkono wake mzima,
mimi wa pili, tunaikamua.

Jumapili ilikuwa mvua tupu,
aiskrimu ng'ambo kwa Waitalia,
kisha barabara kuu, iliyonyooka hadi ikachosha.
Kofia ilikuwa inakauka juu ya dashibodi, imesinyaa,
itamfaa mtoto sasa.

Gizani nikakata kuingia getini kwetu.
Neža alikuwa amelala tangu Jesenice, mdomo wazi.
"Hamsini na moja," akasema,
macho yamefumba.