Safari B

Fundi Nkwabi wa Kanyenye amefungua dashibodi,
anachungulia ndani kama mtu anayetazama koo la mtoto.
"Lehemu imepasuka," anasema. "Kazi ya nusu saa.
Ila lazima nichomoe betri,
na nikichomoa, gari litasahau."

Kresta ya mwaka themanini na nane.
Haina mshale hata mmoja, ni tarakimu tupu,
kijani, kama panzi waliopanga foleni.
Kila tarakimu ni njiti saba.
Miaka imezima njiti hapa, njiti pale,
nane ikageuka sita, saba ikageuka moja,
na spidi tukawa tunaikisia kwa kelele za upepo.

Maandishi ya Kijapani hakuna aliyeyasoma mtaani kwetu.
Mayu aliyapa majina yake:
hili Kibanda, hili Ngazi Iliyovunjika,
na lile linalowaka mafuta yakikaribia kuisha,
Mtu Anayekimbia Mvua.

Kulikuwa na kitufe cha kubashiri.
Ukikibonyeza, gari linakwambia
mafuta yaliyobaki yatakufikisha kilomita ngapi.
Siku moja lilisema arobaini.
Tulianza kusukuma kwenye ya tatu,
ndoo za asali zikigongana nyuma,
mbung'o wakitula shingo.
"Mwongo," Mayu alisema, akijifuta jasho kwa pindo la kanga,
"lakini mwongo mwenye adabu. Anataja hesabu."

Safari A ilikuwa ya wote,
ya kugombana na wauza petroli.
Safari B ilikuwa yake.
Aliirudisha sifuri kila alfajiri ya kufuata asali
na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mwezi wa sita alirudi jioni, akaegesha chini ya turubai,
akasema mgongo, akasema kesho.
Hakushika usukani tena.

Toka siku hiyo B imesimama:
moja, kisha hii ya katikati, kisha nne.
Ya katikati ni tatu.
Au ni tisa iliyopoteza njiti ya bega la kushoto.

Mia moja thelathini na nne:
kwa wafuga nyuki wa njia ya Sikonge, na kurudi.
Mia moja tisini na nne:
kilomita sitini za mwanamke
aliyejua bei ya kila tone la petroli,
thelathini kwenda, thelathini kurudi,
na hakumwambia mtu.

"Ili niisome, uitengeneze," nasema.
"Nikiitengeneza, imefutika," anasema Nkwabi.
Anapuliza ncha ya chuma chake. Ana wateja.
Kisha, bila kunitazama:
"Ufa wa lehemu hujifumba kwenye joto.
Pandisha vioo. Ukae humo mpaka adhuhuri."

Oktoba ya Tabora haihitaji kuombwa.
Nilikaa. Kiti kilinibandika mgongo.
Harufu ya nta ikaamka kwenye mazulia,
harufu ya moshi wa kufukuzia nyuki,
na dawa ya kuchua ya Mayu, hiyo sikuitarajia.
Saa saba kasoro, njiti ikacheza.
Ikazima.
Ikawaka, muda wa kusema jina la mtu.

Tisa.

Nilifungua mlango. "Chomoa," nikamwambia.

Sasa tarakimu zote zimetimia, zinang'aa mno,
kama meno mapya kwenye mdomo wa zamani.
B ilisoma sifuri, nukta, sifuri.
Nimeondoka na alfajiri.
Kwenye sitini na saba wafuga nyuki walinipungia mkono,
mmoja akashika ndoo tayari,
akabaki nayo.

Tisini na sita, nukta mbili.
Miombo kulia, miombo kushoto, njia imekuwa nyembamba.
Nukta tano.
Natafuta paa, kisima, kaburi, mtu, sijui natafuta nini.
Nukta nane.
Na Mtu Anayekimbia Mvua amewaka.
Nabonyeza kitufe. Arobaini, linasema.