Soksi ya Mguu wa Kushoto

Walimleta Alhamisi, mvua imepumzika kidogo,
gari la Uhamiaji likachora mitaro miwili kwenye tope la uani kwangu.
Mama Tusekile, tia sahihi hapa, akasema afisa Mwasomola,
na hapa, na hapa weka dole gumba.
Miezi saba gereza la Ruanda, chumba cha watu wanaolala kwa zamu.
Sasa afadhali, akasema,
akainua suruali ya kijana kwa ncha ya kalamu
kama mtu anayekagua ndama mnadani.
Mkanda mweusi. Kidude kama kiberiti,
kinapepesa jicho la kijani.

Mipaka yake: chini, daraja la Kiwira;
juu, pale chai inapokoma.
Akivuka kinalia. Kikizimika tunakuja.
Kila siku saa mbili akae ukutani, achajiwe.
Alisema achajiwe.
Mtu, si kidude.

Jina lake Lodamo, kwao Hosaena.
Asubuhi ya kwanza aliiona migomba yangu akacheka peke yake,
akapiga magoti, akaanza kufukua shina kwa mikono.
Weee! Nikamchapa kiganjani. Huo ni wa kuuza!
Baadaye alinieleza kwa vidole na majivu:
mgomba wa kwao hauzai ndizi,
shina ndilo chakula, hulifukia ardhini mpaka lichachuke,
ndipo wapate mkate.
Neno lake la kwanza la huku halikuwa Kiswahili. Lilikuwa ndaga.
Alilisema kwa kila kitu: ndaga kwa uji,
ndaga kwa blanketi, ndaga kwa soketi ya ukutani.

Umeme wetu huogopa mvua kuliko paka.
Ulipokata siku tatu, nilimpeleka mashineni kwa Ambakisye,
kwenye jenereta. Akakaa katikati ya debe za mahindi,
mguu juu ya gunia, waya umenyooka,
unga ukimtua kwenye nyusi akawa babu.
Mjukuu wangu akauliza, mbele za watu wote:
Anko akijaa, atapiga simu?
Wanawake wakacheka mpaka wakaegemeana.
Lodamo naye akacheka. Kisha akaacha kabla yetu.

Niseme na langu.
Nilianza kuamka saa nane za usiku kusikiliza kama kinalia.
Akichelewa chooni, nahesabu.
Akisimama karibu na barabara ya Tunduma, nakohoa.
Sikuvaa sare, hakuna aliyenipa rungu,
ila sahihi tatu na dole gumba vilinitosha.

Siku moja alinionyesha ukuta wa nyumba, kisha mguu wake.
Ruanda, akasema, ukuta ni wa serikali.
Huu naosha mimi.

Mzee Mwangomo alifia ng'ambo ya mto.
Kijiji kizima kikashuka na majembe, naye akashuka na la kwangu,
maana kwao pia mtu hazikwi na wachache.
Pale darajani akasimama. Hatua moja tu, kidude kikaguna.
Akamkabidhi jembe kijana wa nyuma yake.
Jembe likavuka, yeye akabaki,
kofia mkononi, mvua ikimwingia shingoni,
mpaka tuliporudi na tope la kaburi kwenye viatu.

Wiki ile nilifuma. Sufu ya kijivu, iliyobaki
kwenye sweta la marehemu mume wangu.
Soksi moja, ndefu, ya mguu wa kushoto,
yenye dirisha kando la kupitishia waya,
kwa sababu plastiki ilimchubua mpaka nyama,
na Julai ya huku haina utani.

Mwasomola alipokuja kukagua, akainama, akapapasa,
hakuliona jicho. Akanyanyuka.
Nani amekifunika kifaa cha serikali?

Sijakifunika kifaa, nikamwambia.
Nimefunika mguu.
Ndani ya sufu, kijani kikawaka, kikazima, kikawaka.
Akatafuta kalamu. Alitaka kuandika kitu,
na sijui hadi leo aliandika nini.