Karatasi Mbili

Kijana wa mto kaacha karatasi.
Kijana wa jua kaacha yake.
Zote nimezibana kwa mkasi
hapa Ndosho, ubavuni mwa cherehani.

Wa mto anaapa: maji hayalali.
Wa jua anaapa: jua halidai.
Nikiuliza bei ya kufunga mita
wote wawili wanakohoa.

Pasi yangu ingali inakula makala.
Juzi cheche iliruka
ikatoboa kitenge cha harusi cha Masika,
tundu dogo, jicho la sambaza.
Nikalipa.

Na makala nayajua yanakotoka:
mlimani, gunia baada ya gunia,
mlima ule ule uliowahi kutuletea moto
hadi sebuleni,
bila mkataba, bila mita.

Paluku anasema tungoje washushe bei.
Giza nimeishi nalo miaka kumi na sita,
halijanipunguzia hata franga.

Sare za shule hushonwa usiku.
Nimetia sahihi kwa mto.
Ile ya jua sikuitupa: karatasi nzito, safi,
nimeikatia kielelezo cha kola
ya mtoto wa darasa la kwanza.